Jibu Limefika, Treni Ipite

Fundi cherehani alikuwa ameuchapa usingizi kwenye treni, mpaka dada wa kiti cha mbele alipomaka: "Unasemaje, kaka?"

"Programu yangu huiuliza seva, ile kompyuta kuu ya reli, kama njia iko wazi," alinong'ona kijana wa kando yake, mwenye kompyuta mapajani. "Seva hurudisha namba ya hali, ya kusema kama mambo ni shwari au kuna hitilafu, kisha maelezo. Mimi nilihakikisha tu kwamba jibu limefika. Namba sikuisoma."

"Kwa hiyo seva ikijibu kwamba imeharibika?"

"Jibu limefika. Treni inapita."

"Mungu wangu! Na lugha ya kompyuta uliyoiandikia programu si ile kali, inayokubana mpaka ushughulikie kila hitilafu?"

"Ilinibana kuhusu jibu lisilofika. Likifika bovu, kwake hiyo si hitilafu."

Fundi akajikuta amekishika kiti kwa mikono miwili, utadhani kiti ndicho chenye breki. Haya ya kudakia mazungumzo ya watu ikamtoka. "Treni gani hiyo, mwanangu?"

Kijana akageuka, uso umemshuka. "Hii, mama. Lakini asubuhi nimerekebisha. Sasa jibu likiwa baya, treni inasima—"

Treni ikafunga breki katikati ya daraja. Abiria wote wakasonya, isipokuwa watatu.