Jina Langu Lisiandike Vitabu Nikiwa Kaburini

Elifuraha, funga huo mlango wa jikoni, moshi unanikaba, kisha njoo ukae hapa miguuni pangu, na wewe Jackson weka chini hilo bakuli la mtori, sitakula tena leo, na Ebenezeri, wewe mkubwa wao, usisimame dirishani kama mtu anayesubiri gari, vuta kiti ukae nikuone uso, kwa sababu maneno mengi niliyo nayo kifuani ni yako na pumzi iliyobaki ni kidogo, nami tangu jana sijapata usingizi kwa kuogopa kwamba nitaondoka kabla sijayasema.

Jana alikuja Wenseslaus. Mlimwona wote, alileta machungwa, akanishika mkono, akaniita mwalimu kama alivyokuwa akiniita nilipomfundisha chuoni hapo Moshi, tukaomba pamoja, kisha wewe Ebenezeri ukamsindikiza. Mlidhani nimelala. Mlisimama nje ya dirisha hili hili, nikamsikia akikwambia, "Jina la mzee ni mtaji, kaka. Likizikwa naye ni hasara. Wewe utatia sahihi kama mrithi, vijana wangu wa Dar wataandika, kila mwaka kitabu kipya cha kutajirika haraka, na juu tunaweka jina lake na picha yake." Nikangoja umjibu. Ukasema, "Tusubiri kwanza mzee atutoke."

Sikukasirika, mwanangu. Niliogopa, na bado naogopa.

Sikilizeni niwaeleze jina hili lilivyopatikana, kwa sababu mlilikuta tayari mkadhani liliota lenyewe kama migomba ya hapo nje. Mwaka wa themanini na sita, biashara ilipoanza kuachiwa, watu wetu wa huku mlimani, waliozoea kupanga foleni ya sabuni na sukari, walianza kufungua vibanda vyao wenyewe bila mtu wa kuwaonyesha njia, wakawa wanakuja chuoni kuniuliza mimi, mwalimu wa uongozi, na mimi kabatini nina vitabu vya Kiingereza vinavyoeleza viwanda vya Ulaya. Nikaona haya. Nikaanza kuandika kwa Kiswahili, pale mezani, na mama yenu Magdalena, Mungu amrehemu, akimenya ndizi huku akisoma kwa sauti kila ukurasa niliomaliza, na alipokwama alikuwa anauliza, "Baba Ebenezeri, hili mtu wa Kahe atalielewa?" Nikinyamaza, alinirudishia karatasi. Ndivyo kilivyotoka Duka Lako Mwenyewe, na baada yake Meneja na Watu Wake, na vile vingine, hadi nikawa siwezi kupita sokoni bila mtu kuacha bidhaa zake anikimbilie, "Shikamoo mwalimu, na mimi nimefungua!" Watu walikuwa wanauza ng'ombe kwa sababu ya sentensi niliyoandika mimi. Mnaelewa uzito wa jambo hilo? Mimi nilichelewa kuuelewa. Aliyenielewesha ni wewe, Ebenezeri.

Jambo la duka lako tulishalizungumza na mama yenu akatupatanisha, kwa hiyo silirudii ili kutonesha kidonda, ila wadogo zako hawalijui lote. Niliandika sura ya kuwahimiza watu wanunue mali nyingi mapema na kuiweka stoo, na miaka ile ya uhaba lilikuwa shauri zuri. Ukaliamini. Ukafungua duka karibu na stendi, ukajaza sabuni, mafuta na madaftari mpaka darini. Halafu milango ikafunguka, mali ikamiminika kutoka mpakani Tarakea na kutoka bandarini, nzuri kuliko yako na rahisi kuliko yako, ukawa unauza kwa bei iliyo chini ya uliyonunulia, mpaka ukafunga. Watu walicheka kanisani, wakasema mtoto wa mwandishi wa biashara kafilisika. Ukaja hapa, ukakitupa kitabu miguuni pangu, ukasema, "Hiki chako, baba, kimenila." Tangu siku hiyo hukufungua tena kitabu changu hata kimoja.

Kwa hiyo hujui nilichofanya baadaye. Nilizunguka kwa wafanyabiashara, mjini, Rau, Himo, hadi Rombo kule mpakani, nikauliza na kusikiliza, nikarudi nikaing'oa sura ile yote, nikaandika nyingine, na mwanzoni mwake nikaeleza wazi kwamba niliyoyasema zamani yalikuwa ya wakati wa uhaba na kwamba asiyafuate mtu tena. Mchapaji akalalamika, "Mwalimu, mwandishi gani anajipinga mwenyewe?" Nikamwambia, "Aliye hai."

Ngoja... ngoja nivute pumzi. Hapana Elifuraha, sitaki maji.

Hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Mimi nikikosea nikiwa hai, nitaamka asubuhi nirekebishe. Nikishalala pale chini ya migomba, kitabu chenye jina langu kikampoteza mama wa watu aliyeuza ng'ombe wake wa pekee, nani atamfuata kumwambia nimekosea? Na Wenseslaus hatamfuata, namjua. Miaka ile viwanda vilipokuwa vikiuzwa, alikuwa meneja katika kiwanda kimoja cha mkoa mwingine, akaja hapa kutaka nimwandikie kijitabu cha kuwaambia wafanyakazi wanaoachishwa kwamba wamepata bahati ya kujiajiri, bila kugusa haki zao hata kwa mstari mmoja. "Wanakuamini," akaniambia. "Ukisema wewe, hawatauliza maswali." Nilimfukuza, na hatukusalimiana tena mpaka jana alipoleta machungwa. Nimemsamehe, mjue hivyo, na akija msibani mpeni kiti. Lakini jina langu msimpe.

Sasa shikeni haya. Kihamba hiki, shamba letu la ukoo, na nyumba hii, na ng'ombe, ni vya Jackson, mtoto wa mwisho, kama ilivyo desturi yetu, na kahawa, Jackson, usiing'oe yote kwa hasira ya bei. Ila upande wa juu, kutoka kwenye mfereji hadi kwa jirani, ni wa Elifuraha, na asije mtu wa ukoo akasema mwanamke hana kihamba, mimi nimesema nikiwa na akili zangu. Ebenezeri, nyumba ya Rau ni yako. Vitabu vyangu vya zamani vichapwe kama vilivyo, kila kimoja kikionyesha mwaka kilipoandikwa, na kinachopatikana mgawane sawa. Wewe Elifuraha unayefundisha biashara, uwe unavisoma, na ukiona sura imezeeka uiandike upya kwa jina lako, si langu, na ukiona kitabu kizima kimeanza kudanganya watu, kizuie.

Jackson, toka... kata jani la isale hapo mpakani mwa shamba uniletee. Haraka, baba.

Ebenezeri, sogea. Najua una shida. Najua umechoka kuitwa mtoto wa fulani. Labda unawaza kwamba jina lililokufilisi sasa likulishe, na mimi siwezi kusema wazo hilo halina sababu. Nimeandika maisha yangu yote namna ya kutoa amri, na leo sina amri kwako, nikishakufa utafanya utakalo. Lete, Jackson. Liweke hapa mkononi... Mwanangu, wazee wetu walipoombana kwa isale, jani la kusihi na kupatana, hakukuwa na neno lingine juu yake. Baba hamwombi mtoto kwa isale, najua. Mimi nakuomba. Katika nyumba hii wewe peke yako ndiye unayejua uchungu wa kufuata kitabu kibaya. Usiwauzie wengine.

Mbona hulipokei? Mkono unachoka... usilie, pokea tu.

Umesema nini? Sauti yako iko mbali. Sema tena, wenzako wasikie.

"Mimi mwenyewe nitamwambia Wenseslaus, baba. Kesho nitamwambia hapana."

Elifuraha, umesikia? Jackson? Haya. Haya, basi. Kifua kimeachia kidogo.

Njooni, inamisheni vichwa... hiki ninachokigusa cha nani? Ruwa, Mungu wetu, aliyenipa ninyi awape mikono ya kazi na ndimi za kweli. Mkigombana, mpatane kabla jua halijatua. Watu wakiwaambia walimwamini baba yenu, muwaangalie usoni bila... bila...

Inueni mto kidogo. Hivyo. Ebenezeri, usiondoe mkono.