Nyongesa Khaemba na Makasha ya Pareto

Jumatatu tarehe 30 Juni 1958, Bwana Nyongesa Khaemba atakabidhi funguo za ghala letu la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, hapa Nakuru, baada ya kutumikia miaka thelathini na mmoja. Aliingia mwaka 1927, ghala lilipokuwa bado halijapokea pareto, akitokea Kimilili, mpagazi asiye na hata viatu, na anaondoka akiwa nyapara wa wapagazi wote. Katika miaka hiyo yote amekosa kazi siku nne tu, na tatu kati ya hizo zilikuwa za arusi yake na Mama Truphosa.

Wageni ghalani humjua kwanza kwa kofia yake ya kijani, ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikiwa imefuliwa. Halafu humjua kwa kutopenda pupa. Mtu akikimbilia mzigo, Nyongesa humsimamisha, humwambia achuchumae vizuri, apumue, ndipo ainue. Zamani watu walimcheka. Lakini tangu awe nyapara hakuna mpagazi aliyeumia mgongo hapa kwetu, na kicheko hicho kimekwisha.

Mimi Odero, karani wa mizani, niliomba kuandika wasifu huu kwa sababu ya asubuhi moja ya Agosti 1955.

Tulikuwa tunapakia pareto ya kwenda Mombasa. Maua makavu yalitiwa katika makasha makubwa. Unga wa maua yaliyosagwa, ambao hushikana na kuchukua nafasi ndogo, ulitiwa katika makasha madogo. Kila kasha, kubwa kwa dogo, lilikuwa na uzito wa ratli hamsini na sita. Meneja wa wakati huo akapita, akainua kasha dogo, kisha kubwa. Akasimama. Akaliinua tena lile kubwa.

"Haya makubwa yamepunguzwa," akasema. "Nani aliyapigilia misumari?"

Alikuwa Ndung'u, mpagazi mwenzetu.

Sote tunakumbuka hali ya mwaka ule, wakati wa Mau Mau. Mkikuyu aliyefukuzwa kazi Nakuru kwa wizi hakuulizwa mara mbili. Alipandishwa lori kurudishwa rizavu, yaani eneo walilotengewa Wakikuyu, kama hakupelekwa kizuizini. Ndung'u alikuwa na mke, jina lake Wangu, na watoto watatu kule mtaa wa Bondeni. Alisimama na nyundo mkononi.

Naungama hapa jambo ambalo wengi hawalijui. Mimi pia nililiinua lile kasha, nikaliona jepesi kweli. Nilikuwa nimelipima mwenyewe asubuhi hiyo hiyo, lakini mkono wangu uliniambia kwamba rafiki yangu ni mwizi, nami nikauamini. Nikatazama chini.

Nyongesa akaomba makasha mawili yarudishwe kwenye mizani. Kubwa, ratli hamsini na sita. Dogo, hamsini na sita. Meneja akasema basi mizani imeharibika, au karani amekula njama. Hapo jasho likaanza kunitoka mimi.

"Bwana, kabla hujawaita polisi, nipe dakika tano tu," Nyongesa akasema.

Akafunga kila kasha kwa kamba, akaacha kitanzi cha kushikia. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akamwomba meneja akubali kufungwa macho. Meneja alikubali kwa hasira, labda ili amalize upuuzi ule upesi. Akainua kitanzi cha kwanza, akashusha. Akainua cha pili. Akarudia mara tatu, polepole zaidi kila mara.

"Lipi jepesi, bwana?"

"Yote mawili sawa," meneja akasema kwa sauti ndogo.

"Sasa ondoa kitambaa, uinue ukiyaangalia."

Akainua, na kasha kubwa likawa jepesi tena! Akajaribu hadi shati likalowa, na ingawa sasa alijua ukweli, mkono wake ulikataa kujua.

"Jicho likiona kasha kubwa, mkono hujiandaa kwa kazi kubwa," Nyongesa akaeleza. "Kasha likipanda upesi, unasema ni tupu. Mwaka wangu wa kwanza nilimtukana mwenzangu kwa jambo hili hili."

Meneja akaagiza kasha lifunguliwe hata hivyo. Maua yalijaa hadi kwenye mfuniko. Akampa Ndung'u mkono mbele yetu sote, akaondoka kuelekea ofisini. Ndung'u akaketi sakafuni, akacheka huku machozi yakimtoka, na sisi wote tukacheka naye kama watu waliotolewa majini.

Jioni nilimwomba msamaha. Akaniambia, "Odero, hata mimi nililiinua. Nikajishuku mwenyewe."

Kuanzia Jumanne, Ndung'u ndiye nyapara wetu mpya. Nyongesa mwenyewe ndiye aliyempendekeza.

Mzee Nyongesa, sisi wa ghala tunakushukuru kwa migongo yetu iliyo mizima na kwa majina yetu yaliyo safi. Umsalimu Mama Truphosa, ule mahindi yako mwenyewe, ulale mpaka jua likuamshe. Wafanyakazi wamekununulia kiti cha kupumzikia, cha mbao za mvule, na tutakibeba wenyewe hadi stesheni. Siku hiyo tafadhali usiguse kitu. Wewe tembea mbele tu, mikono mitupu.