Msonge wa Kiingilio

Mwaka 1975, katika basi lililotoka Korogwe, mwalimu Justa aliwasikia abiria wawili waliokaa mbele yake. Mzee Mdoe alikuwa akirudi Kang'ata kutoka kutembea Dar es Salaam. "Nimelipa kiingilio kwenye makumbusho nionyeshwe msonge wa Kizigua, na kinu mlangoni!" Kijana Matayo akacheka. "Si ungeutazama kwenu bure, mzee?"

"Upi? Tulipohamishiwa kijiji kipya waliubomoa wa mama yangu, wakasema umepitwa na wakati. Mpaka leo anauulizia."

Hilo Justa alilijua. Amri ya kuhama na kubomoa ilikuja na muhuri wa serikali.

"Basi kamwambie bibi upo mmoja mjini, tena unatunzwa."

"Nikimwambia, kesho atafunga virago ahamie."

Basi likasimama Kang'ata. Mama yake Mdoe alikuwa akimsubiri mlangoni pa basi. "Karibu mwanangu. Huko mjini umeona nini?"