Winfrida Rhobi Mseti, Mama wa Simu za Nyambureti

Ndugu waombolezaji, marehemu Winfrida Rhobi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1986 huko Turwa, Tarime, mtoto wa tatu wa Mzee Mseti Nchagwa na Mama Boke. Mama anasema alitembea kabla hajajua kukaa vizuri. Ndivyo alivyobaki.

Alisoma shule ya msingi Turwa, sekondari Musoma, na mwaka 2009 akapata stashahada ya elektroniki Mwanza. Redio ya baba aliifungua mara tatu. Ya tatu ikagoma kabisa, akala fimbo.

Mwaka 2013 alifunga ndoa na Simioni Amos wa hapa Nyambureti, akakuta tembo wanamaliza mahindi kabla jirani hajamshtua jirani. Akaamua kutengeneza simu za intaneti: unapiga namba moja, vitongoji vyote vinaita, bila vocha. Lakini kuchagua programu ya kuziendesha, jamani, kulimnyima usingizi! Alijaribu hii, akaifuta, ile, akaifuta. Simioni akalalamika, "Mama Esta, hata ng'ombe wa mahari hachaguliwi hivi!" Programu ya kununua ilikuja na sauti isiyobadilika: "Bonyeza moja." Mzee Nyamhanga akaikatia simu kwa hasira. "Mtoto gani huyu ananituma bila shikamoo?" Hapo Winfrida akachagua programu huria, ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha, akairekodia shikamoo. Wazee wakaanza kupiga.

Machi 2024 alianza kuugua figo, akatibiwa Mugumu na Mwanza. Kilichomtesa zaidi ni kuacha simu ambazo yeye peke yake ndiye aliyezijua. "Nimechagua kitu kilicho wazi, halafu nimekifungia kichwani mwangu," alilalama. Akamfundisha wifi yake Judith akiwa kitandani, kwa pupa, akigomba, akiomba radhi, akigomba tena. Tukimwambia apumzike, anatufukuza.

Tarehe 8 Februari 2025 radi ilipiga, simu zote zikafa. Akataka kuinuka. Judith akamlaza: "Wifi, tulia. Hii ni yangu." Akaenda kwenye mtambo wa simu. Winfrida alihangaika kitandani hadi mchana, simu ya kando yake ikaita.

"Wifi, unanisikia?"

"Nakusikia. Basi, Judith. Basi."

Akageukia ukutani, akalala. Alifariki kesho yake, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, Esta na Emanueli, wazazi, na sisi ndugu zake. Ameacha na wifi yake Judith, msimtafute hapa kaburini: tembo wako karibu, naye amekataa kuuacha mtambo.

Rhobi wetu hakujua kupumzika. Bwana amfundishe.