Kiatu Juu ya Paa la Risasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mnivumilie, leo sauti yangu imechoka. Tumempoteza Enoch Tordoff, fundi bomba wa mji wetu. Enoch Tordoff ametutoka Jumanne, kitandani kwake, chai yake ikiwa bado ya moto.

Hapa kwetu Yorkshire fundi bomba huitwa plama. Vijana hudhani jina hilo ni la mabomba. Sivyo. Warumi waliiita risasi plumbum, ile metali ya kijivu, laini na nzito. Plama ni mtu wa risasi. Zamani aliyeunga bomba la risasi ndiye huyohuyo aliyeezeka kanisa kwa mabamba ya risasi. Enoch alikuwa wa aina hiyo, na hapa kwetu alikuwa wa mwisho. Wenzake wa mabomba ya plastiki walimtania, "Enoch, wewe unatengeneza vyoo au unafufua Warumi?"

"Vyote," aliwajibu, "na vyote vinanuka."

Mafundi hawa wana desturi yao. Ukimaliza paa, unaweka kiatu chako juu ya bamba, unakizungushia patasi mpaka umbo lake libaki kwenye risasi, kisha unachonga herufi za jina lako. Baba yake Enoch, mzee Amos, aliacha kiatu chake juu ya kanisa la Thornby. Hilda, binti pekee wa Enoch, alipandishwa huko akiwa mdogo. Aliambiwa, "Msalimie babu."

Basi paa likaja kupasuka, palepale kwenye kiatu. Enoch akaitwa, naye keshazeeka, mgongo umekwisha. Risasi kuukuu hurudi chunguni, huyeyushwa, humwagwa upya. Hilda alifika mbio, akamkuta baba yake amelishika bamba lile.

"Baba, kata hicho kipande tu! Nikitundike ukutani."

"Risasi si picha, mwanangu. Kazi yake ni kuzuia maji."

Akalitumbukiza. Hilda alilia, akaondoka, na kwa miaka miwili hakukanyaga kwa baba yake. Enoch hakumfuata. Wote wawili walikuwa na vichwa vigumu, na inauma kulisema hilo leo.

Jana Hilda alipanda juu ya paa la kanisa. Alitaka kuona kiatu cha baba yake. Hakukiona. Alichokikuta kwenye bamba jipya ni kiatu cha mzee Amos, kile chenye kisigino kilicholika upande, na herufi A.T. Enoch alikuwa ameficha buti kuukuu la baba yake miaka yote hiyo, akalichora upya. Lake hakulichora.

"Angeniambia," Hilda amesema hapa studioni. "Neno moja tu, ningerudi."

Poleni sana, Hilda na ukoo wote wa Tordoff. Poleni, mafundi wenzake. Nawe uliyebaki, mvua ikinyesha usiku huu na kitanda chako ni kikavu, mkumbuke aliyepanda juu. Na kama kuna mtu mliyenuniana naye, mpigie simu.

Hilda ameondoka sasa hivi. Ameshika patasi, na kwapani ana kiatu cha kulia cha baba yake.