Risasi ya Kupita Makonge

Ukitaka kujua ya dunia, usisumbue gazeti. Nenda Majengo ya Thika saa kumi jioni, kwenye benchi lililo kando ya jiko la kahawa la mama mmoja, Wakonyo. Kafyu ya Hali ya Hatari imelegea mwaka huu, watu wameanza kuruhusiwa kukaa pamoja tena, na wanaume wa benchi hilo wanakaa kama wanaolipwa. Leo katikati yao yuko Nicanor, askari wa wanyama wa Serikali, bunduki magotini, uso umemshuka. Jana alimfyatulia nyati aliyejificha katika shamba la makonge upande wa Ruiru. Risasi ikagonga jani, ikapinda, ikaenda kutoboa sufuria ya uji ya wakata makonge. Mpishi alikuwa ameinama kuokota kuni, Mungu ni mkubwa. Bwana wa geim, mkubwa wake wa idara ya wanyama, amempa mpaka Jumamosi: nyati apatikane, la sivyo bunduki irudi ofisini na Nicanor arudi stesheni kubeba masanduku ya watu.

— Hii inaitwa softi, Nicanor akasema, akiweka risasi moja juu ya benchi. Ncha yake ni laini, ikigusa nyama inafunguka. Na hii ni solidi, kichwa kigumu, yenyewe inapita tu. Sasa nipeni akili. Nitumie gani kwa makonge?

— Solidi! akaruka Macharia. Huyu wanamwita Bama, kwa sababu alipigana na Wajapani huko Bama na mpaka leo vita havijamtoka mdomoni. Kule, akaendelea, mianzi imeshonana kama nywele, bwana. Solidi ilikuwa inapita mwanzi wa kwanza, inapita wa pili, inauliza njia, inaendelea. Hiyo softi yako ikigusa jani inafikiri ni nyama. Inafungukia hapo hapo.

— Wacha uongo, akasema Jeconia. Yeye ni Injinia. Hupaka mafuta mashine ya kusaga makonge, basi cheo akajipa. Jani la konge, akaendelea, lina maji na nyuzi, mimi nalijua. Hata solidi litaigeuza njia. Jani moja linaiba nguvu kidogo, lingine linaiba kidogo. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nani?

— Cha majani!

— Basi achukue risasi nzito, ya polepole, Bama akasema. Haraka haraka haina baraka.

— Polepole kiasi gani?

— Kiasi cha kuona jani na kulikwepa.

— Ngai! Wakonyo akacheka mpaka birika likatikisika mkononi. Si ukamwambie nyati akae, nawe umpelekee hiyo risasi kwa miguu?

Nicanor akajikuta anacheka pia, na tangu jana hakuwa amecheka. Yawa, bunduki ile aliipenda. Akiivaa begani, hata karani wa stesheni humsalimu kwanza.

— Sikia dawa, Injinia akasema, akivuta benchi karibu. Paka solidi mafuta ya kondoo. Itateleza katikati ya majani kama samaki.

— Mafuta ni kazi bure! Bama akasimama kabisa. Piga mbili. Softi itangulie, ifungue mlango. Solidi ifuate, iingie ndani. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Mwenyeji hapo ni nani?

— Nyati!

— Na apone?

Bama akanyoosha kikombe kwa Wakonyo aongezewe kahawa. Benchi zima likaangua kicheko.

Ndipo akaja mama mmoja, vumbi mpaka magotini, kipande cha kamba begani.

— Hamjambo wazee.

— Hatujambo mama. Karibu kahawa.

— Asanteni, sikai. Mimi ni Ndunge, natoka ng'ambo ya Mto Athi. Natafuta fahali wangu wa kulimia. Ni mweusi tititi, pembe kubwa. Alikata kamba siku ya soko, nikafuata nyayo zake mpaka zikaingia makonge ya upande wa Ruiru. Hamjamwona?

Injinia akatazama viatu vyake. Bama, aliyemaliza Bama nzima, akarudi kukaa.

— Nicanor, Wakonyo akasema polepole. Huyo nyati wako ulimwona uso?

— Niliona weusi, Nicanor akasema. Na pembe.

— Na wakata makonge?

— Waliona huku wakikimbia.

Akazichukua zile risasi mbili akazitia mfukoni. Kumbe jana alikuwa amekaribia kuua jembe la mwanamke huyu! Akayashukuru majani ya konge moja moja, kimoyomoyo.

Asubuhi waliingia shambani wote, bunduki tupu. Ndunge akapiga mluzi mrefu, ule wa Wakamba wa kugeuza ng'ombe mwisho wa mtaro. Makonge yakatikisika, akatoka fahali mweusi, mnene, anacheua, hana habari na mtu. Bama akapiga saluti. Nicanor akacheka hadi machozi yakamtoka, akamsaidia mama kumfunga kamba.

Jumamosi akasimama wima mbele ya Bwana wa geim.

— Nyati amepatikana, bwana. Ana mwenyewe.