Miwani Nyeusi na Moto wa Welda

Assalamu aleikum, dada zangu, na nyinyi wazee wawili mliokaa mlangoni mkijifanya hamsikilizi, nanyi pia. Mama mwenyekiti wa chama chetu ameniomba nieleze jinsi macho yangu yalivyopona. Nitaeleza, lakini msitazamie upole kwangu, maana kila nikikumbuka jambo hili damu inachemka upya. Sitamtaja mtu jina. Wenyewe mnajijua.

Mimi ni mshonaji, mnajua. Wengine wana ngamia, mimi nina macho. Basi kaka yangu, fundi wa vyuma, alipata kazi kule kambini Dadaab, wakimbizi walipokuwa wanamiminika, akaniachia mashine yake ya kuchomelea hapa Garissa, uani kwangu. Nikaanza kuichezea jioni, nikishafunga cherehani. Si kwa biashara. Niliipenda tu! Unashika vyuma viwili visivyojuana, cheche kidogo, vinakuwa ndugu. Nikatengeneza jiko, nikatengeneza kigoda, nikamtengenezea jirani kitanda cha mtoto ambacho mpaka leo kinayumba. Watu walicheka. Wacheke.

Lakini kinyago cha kufunika uso kaka alienda nacho. Nikaenda sokoni kwa muuza miwani.

"Abaayo, dada yangu, hii imetoka Dubai," akaniambia. "Iko nyeusi kabisa. Vaa, angalia jua."

Nikavaa, nikaliangalia jua la saa saba mchana. Sikupepesa.

"Umeona? Kama inashinda jua ya Garissa, hiyo moto yako ni nini?"

Nami nikakubali! Ndugu zangu, nawaambia, sisi watu wa huku jua ndilo hakimu wetu. Kitambaa kikikaa juani bila kupauka, ni kizuri. Rangi ya mlango ikistahimili jua, ni nzuri. Basi na miwani ni hivyo hivyo. Nikalipa, nikarudi zangu, nikachomelea mpaka magharibi, na sikusikia maumivu yoyote.

Hapo ndipo ubaya wa kitu hiki ulipo. Hakikuumi papo hapo. Kinakuacha ule, uswali, ulale, kisha unaamka kama umejaa mchanga machoni, machozi yanatiririka, taa ya kibatari tu inakuchoma kama pilipili. Kwa hiyo nani angeshuku mashine? Kulipopambazuka wakaja washauri. Jirani akasema ni vumbi, akaniletea maziwa ya ngamia nitie machoni. Mwingine akaleta majani ya chai. Mama mkwe wangu akasema ni husuda, kuna mtu ameonea wivu nguo ya arusi niliyoshona. Nikasomewa, nikafukizwa ubani, nikakohoa. Watu wote wale uani, mashine iko mbele yao, na hakuna hata mmoja aliyeuliza: wewe, jana ulivaa nini?

Macho yakapoa. Nikarudia kuchomelea. Yakauma tena. Safari hii nikaanza kushuku mashine, nikasema, kumbe miwani haitoshi weusi. Nikanunua ya pili nikavaa juu ya ya kwanza. Cheka, cheka, nakuona! Macho yalipouma tena nikaenda gereji, fundi akanipa miwani ya kioo cha kijani. "Hii ni ya welding yenyewe," akaapa. Kweli ilikuwa ya welding. Ya gesi! Mashine yangu ni ya umeme, mwanga wake mkali zaidi. Hakuuliza, hakusema.

Siku moja nikashindwa kutunga uzi. Nikalamba ncha, nikajaribu, nikalamba tena. Tundu la sindano lilikuwa ukungu mtupu. Mteja ameketi mbele yangu anasubiri, nami natabasamu. Niliogopa, dada zangu. Niliwaza, mjane mshonaji asiyeona, watoto wake watakula nini? Sikutaka tena maziwa wala majani ya mtu. Nikaenda hospitali.

Sista wa macho ndiye mtu wa kwanza kuniuliza nilivaa nini. Nikampigia kelele, maskini: "Nilivaa nyeusi! Nyeusi juu ya nyeusi!"

Akaningoja nimalize. Akasema, "Weusi si kinga, mama. Moto ule una mwanga usioonekana. Miwani ikiwa nyeusi tu, mboni inafunguka wazi, na mwanga ule unaingia kama mgeni aliyeachiwa mlango. Unahitaji kioo kilichotengenezwa kuuzuia, cha umeme, kina namba ya kinga yake, kwako ni kumi, ndani ya kinyago cha uso mzima. Ngozi ya jicho imeungua juu juu. Ukiacha sasa, itapona. Ukiendelea, itabaki kovu."

Nikaacha mashine, nikapaka dawa, nikangoja. Ukungu ukaondoka polepole. Kisha nikamtuma dereva wa basi la Nairobi: kinyago na kioo cha umeme, si cha gesi, namba kumi. Nilimwambia mpaka akanuna. Akarudi amechangamka, ameniletea nini? Miwani ya jua! Ya dhahabu pembeni! "Hii ni nzuri zaidi, mama. Hebu angalia jua."

Wallahi, nilisimama pale stendi nikalia kwa hasira. Zamani ningesema asante, nikavaa, nisimvunje moyo. Siku hiyo nilimrudishia mkononi. Nikamwambia, "Mpe mke wako aendee arusi. Mimi niletee namba kumi, au usinipitie kabisa."

Safari iliyofuata akaleta kinyago chenyewe. Nikaitafuta namba kwenye kioo kabla ya kumshukuru. Nilipovaa, giza tupu, sikuona hata mkono wangu. Muuza miwani angesema imeharibika. Moto ukawaka, ndipo nikaona vizuri vyuma vyangu viwili. Nikalala. Nikaamka macho makavu, nikakaa kitandani nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Namshukuru sista yule. Namshukuru dereva, alininunia lakini alirudi. Nawashukuru na nyinyi mlionishonea oda zangu nilipokuwa nimefumba macho, mkaniletea pesa bila kukata. Ninalowaomba ni hili: mtu akikuuzia kinga, muulize inakinga nini hasa. Akikwambia angalia jua, mwache na jua lake.

Na mkitaka kujua kama nimepona, buibui hili nililovaa nimelishona wiki hii, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi. Njooni mlikague. Atakayeona mshono umepinda, anyooshe mkono.